Kiu ya Felisiani

Felisiani alifika soko la kambi ya wakimbizi ya Lukole siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, bila baiskeli na bila ndizi, na Speciose alijua papo hapo kwamba hakuja kwa heri. Mwanaume aliyezoea kufika na mikungu minne nyuma ya baiskeli, kengele ikilia tangu kwenye bomba la maji ili yeye aisikie, leo alipita katikati ya mabanda polepole kama mtu anayetafuta pa kuegemea. Shati la kijani ambalo Speciose alimshonea Pasaka lilikuwa limempwaya mabegani.

"Karibu," Speciose alisema, akisogeza mafungu ya mboga zake za lengalenga ili mgeni apate nafasi kwenye gogo.

"Sikai."

"Hata maji hunywi?"

Hapo akasita. Macho yakaenda kwenye ndoo. "Maji nipe."

Akampa kikombe, akakimaliza. Akampa cha pili, kikaisha vilevile. Cha tatu Felisiani alijichotea mwenyewe, kisha akafuta mdomo kwa kiganja na kutazama chini.

"Speciose, nimekuja kukurudishia neno lako. Jumapili padri hatasoma majina yetu. Nimeshakwenda kumwomba asitishe."

Tangazo la kwanza la ndoa yao lilikuwa limesomwa siku nne tu zilizopita. Speciose alisimama nyuma kabisa ya kanisa, akasikia jina lake, jina la mjane wa miaka thelathini na sita kutoka Ruyigi, Burundi, likisomwa pamoja na la mwanaume wa kijiji cha Kasulo kama anavyosomwa mwari. Tangu siku hiyo alikuwa akiamka anatabasamu peke yake chini ya turubai.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Ni dada yako?"

"Dada anasema yake, baba mdogo anasema yake. Uamuzi ni wangu."

"Basi niangalie unaposema."

Hakumwangalia. "Wewe mwili huu unauonaje?" aliuliza, na sauti yake ilishuka kwa sababu mwanamke wa banda la jirani alikuwa ameacha kupanga dagaa wake. "Tangu mwezi wa tatu naisha tu. Nikishika jembe nusu saa nakaa chini. Nakula kuliko zamani na bado nakonda. Watu wa Kasulo wana macho. Wanajua ugonjwa wa namna hii unaitwaje." Akakigeuza kikombe mkononi. "Mke wangu alipofariki kwa uzazi nilikwenda Geita kwenye dhahabu, nikakaa miaka miwili. Sikukaa huko kama mtawa. Umenielewa?"

Alimwelewa. Mwaka ule wa tisini na nane hakukuwa na mtu Kagera nzima ambaye asingeelewa.

"Umepima?"

"Nipime nini, na kinaonekana?"

"Kwa hiyo hujui."

"Najua. Sijakugusa, Mungu ashukuriwe. Bakia hivyo hivyo. Tafuta mtu mwenye afya, wewe uende salama."

Hasira ikampanda Speciose hadi shingoni. "Mimi nimetembea siku tisa kutoka kwetu hadi hapa, na njiani nimezika. Usije kunifundisha mimi habari ya kwenda salama!"

Felisiani aliweka kikombe juu ya ndoo, taratibu, kana kwamba kingevunjika. Kisha akaondoka. Speciose alimtazama hadi shati lile la kijani lilipopotea nyuma ya ghala la unga, na siku hiyo hakuuza hata fungu moja.

Jioni jirani wa dagaa alimwongezea na la pili, akidhani anamsaidia. Kule Kasulo, alisema, habari haikuwa ya Geita. Generoza, dada yake Felisiani, alikuwa akisema visimani na kanisani kwamba ndugu yake alikuwa na mwili wake mzuri hadi alipokutana na yule mjane wa kambini. Kama si maradhi aliyomletea, basi ni dawa alizomwekea.

Speciose hakulia. Ijumaa alipanga foleni ya kibali cha kutoka kambini. Jumamosi akajifunga kitenge chake cha kanisani, akashika njia ya Kasulo kwa miguu.

*

Generoza alikuwa mwanamke mrefu, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili. Wazazi wao walipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na saba na Felisiani mitano. Akakataa wachumba wawili hadi mdogo wake alipomaliza darasa la saba. Yote hayo Speciose aliyajua kutoka kwa Felisiani mwenyewe, na ndiyo sababu, hata siku ile, hakuweza kumchukia sawasawa.

Aliwakuta uani wanachambua maharage. Mzee Fideli, baba mdogo wa hao ndugu wawili, alikuwa amekaa kwenye kigoda na fimbo yake katikati ya magoti.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

"Shikamoo, dada."

Generoza alitupa ganda la maharage. "Umekuja kuona kazi yako?"

"Nimekuja kuuliza ni kazi gani hiyo ninayosemwa nayo."

"Haya basi, njoo nikuonyeshe. Baba mdogo, nawe njoo uwe shahidi."

Akawapeleka nyuma ya nyumba, kwenye ua wa minyaa. Felisiani, Generoza alieleza bila haya, hakuwa na nguvu tena za kwenda chooni usiku kila mara anapobanwa, na hubanwa mara tano, mara sita. Hapo ndipo alipokuwa akijisaidia haja ndogo. Na hapo ardhi ilikuwa nyeusi kwa sisimizi. Walikuwa wanakuja kwa mistari kutoka shambani, kutoka ukutani, kutoka chini ya mawe.

"Nimemwaga majivu, wamerudi. Nimemwaga maji ya moto, wamerudi. Haya, niambie, sisimizi hawa aliwatuma nani?"

Speciose alichuchumaa. Alishawahi kuwaona sisimizi kama hawa, nyuma ya nyumba nyingine, Ruyigi, akiwa msichana.

"Akiwa na kiu mnampa nini?"

"Ninampa ndugu yangu anachotaka, nitamnyima? Mtobe. Kila siku ya pili nakamua ndizi zilizoiva kabisa, napata nusu debe, analimaliza mwenyewe. Ndio unaomsimamisha. Na chai yenye sukari ya kutosha. Na soda, nikipata mtu anayekwenda Benako."

"Na anazidi kupata kiu."

"Si ndiyo uchawi wenyewe!"

"Dada, sisimizi hawafuati uchawi. Wanafuata sukari. Iko kwenye mkojo wake. Huu ni ugonjwa wa kisukari."

Generoza alicheka kicheko kikavu. "Kisukari! Hicho ni cha mabwana wa ofisini wenye matumbo. Huyu mkulima kakipata wapi?"

"Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya kijijini, mwembamba kama ufito. Kilimuua."

Mzee Fideli alisafisha koo. "Sasa, mwanangu, wewe unataka nini?"

"Nataka akapimwe, baba mdogo. Vyote viwili, kisukari na hicho mnachokinong'ona. Na mimi nipimwe siku hiyo hiyo, mbele yake. Kama mimi ndiye niliyemletea, mtajua, na mtanifukuza kwa haki."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," mzee alisema, na haikujulikana alikuwa anamwambia nani.

"Nitakwenda."

Waligeuka wote. Felisiani alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mkono ukutani. Alikuwa amesikia kila kitu, pamoja na habari ya haja ndogo, na uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. Lakini safari hii alimwangalia Speciose moja kwa moja, na Speciose ndiye aliyelazimika kuinamisha macho.

"Nitakwenda," alirudia. "Ila si hapa karibu. Twende Biharamulo. Kule hakuna anayenijua kwenye foleni."

*

Walikwenda Jumanne, kwa basi lililongoja msafara wa polisi kwa ajili ya majambazi wa porini. Walikaa kiti kimoja bila kugusana. Njia nzima hawakuzungumza zaidi ya "dirisha lina vumbi" na "lifunge basi". Mara moja basi liliporuka shimo, bega la Felisiani lilimwegemea, jepesi mno, jepesi kama la msichana, na Speciose alilitazama pori la nje asione hata mti mmoja.

Hospitalini muuguzi aliyewapokea aliitwa Sista Leonsia, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwapima wote wawili, akamwambia Felisiani arudi kesho asubuhi bila kutia kitu mdomoni zaidi ya maji. Usiku Speciose alilala kwa wanawake wa parokia, Felisiani kwa fundi baiskeli aliyemfahamu zamani. Asubuhi akachomwa tena kidole, na saa tano wakaitwa.

"Nianze na lipi?" Sista Leonsia aliuliza.

"La kufa," Felisiani alisema.

"Hakuna la kufa. Virusi vya ukimwi huna. Mama huyu pia hana. Lakini sukari yako, na hujala kitu tangu jana, ni kumi na tisa. Ya mtu mzima mwenye afya haifiki hata saba."

Felisiani alifunika uso kwa mikono. Mabega yake yakatikisika. Sista Leonsia, aliyezoea watu wa namna zote, alimwacha hadi atulie, kisha akavuta kiti karibu.

"Nisikilize vizuri, maana kazi yote ni yako. Ndizi, ugali, viazi, vyote unavyokula vinageuka sukari ndani ya damu. Mwili unatengeneza kitu kinaitwa insulini cha kuiingiza hiyo sukari kwenye nyama ikawa nguvu. Kwako kimeshindwa kazi. Sukari inabaki kwenye damu, figo zinaitoa kwa mkojo, na inatoka na maji yako. Ndiyo kiu hiyo. Ndiyo kukonda huko huku unakula."

"Kinapona?"

"Hakiponi. Kinatulizwa, na mtu anazeeka nacho. Nyumbani anapika nani?"

"Dada yangu."

"Mwambie mtobe basi. Soda basi. Chai ya rangi bila sukari. Kiu ni ya maji tu."

"Na ndizi? Sisi ni watu wa ndizi, Sista."

"Za kupika utakula, lakini tatu, usirundikiwe sahani. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Maharage kula. Pombe acha. Tembea kila siku, na ukipata nguvu rudi shambani. Miguuni vaa viatu, na kila jioni kagua nyayo zako, maana kisukari kinaua maumivu, unaweza kukanyaga msumari usijue." Akamsogezea bahasha ya vidonge. "Na hivi kila asubuhi. Watakuja watu na chupa za mizizi. Usiache vidonge kwa sababu ya chupa, wala kwa sababu umejisikia vizuri. Chakula na kutembea vikifanya kazi yao, labda siku moja tutapunguza. Tutakaopunguza ni sisi, si wewe. Kila mwezi njoo tupime."

Nje, kwenye ukuta wa nyuma palipoanikwa mashuka ya wodi, Felisiani alimkamata Speciose mikono yote miwili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

"Si ile! Umesikia? Si ile! Jumapili namrudia padri. Kabla mwezi wa saba haujaisha tumeshafunga."

Speciose alitamani kuiacha mikono yake palepale. Viganja vya Felisiani vilikuwa vya moto, na macho yake yalikuwa yamerudi kuwa yale yaliyomfanya mwaka jana akosee kuhesabu mafungu ya mboga. Akautoa mkono mmoja, kisha wa pili.

"Usiende kwa padri."

"Kwa nini?"

"Baba yangu alipata kidonda kwenye kisigino. Alikificha kwenye soksi mwezi mzima kwa sababu aliona aibu. Mbele yetu alikula mboga, akitoka anapita kwa marafiki zake kunywa pombe ya ndizi, anarudi na kutuambia yuko vizuri. Wakamkata mguu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, Felisiani. Miaka miwili nilibadilisha vitambaa. Miaka miwili alinidanganya nikiwa nimeshika mguu wake. Na nilimpenda."

"Mimi si baba yako."

"Bado sijui wewe ni nani. Juzi ulipodhani una ukimwi, ulikuja kuniacha. Hukuniuliza. Ulifunga mdomo tangu mwezi wa tatu, ukaamua peke yako, ukaja kunipa hukumu."

"Nilikuwa nakuokoa!"

"Ulikuwa unajificha." Machozi yalianza kumshuka na hakuyafuta. "Ile haikunitisha. Hii inanitisha, kwa sababu hii naijua. Nipe miezi mitatu."

"Nifanye nini miezi mitatu?"

"Uishi. Mimi sitakuja kuchungulia sahani yako. Mwezi wa tisa uje uniambie ulivyoishi."

"Na sukari isiposhuka?"

Alitaka kumjibu. Lakini basi la Ngara lilipiga honi barabarani, watu wakaanza kukimbia, na wao wakakimbia pia, Felisiani akipumua kwa shida, Speciose akipunguza mwendo bila kumwonyesha kwamba anapunguza.

*

Miezi mitatu si mingi kwa mtu anayengoja mvua, ila kwa mtu anayengoja mtu haiishi.

Kila Alhamisi Felisiani alikuja sokoni. Mwezi wa kwanza alikuja akisukuma baiskeli mwendo wote, kwa kuwa alikuwa ameamua kutembea. Ndizi zilipanda baiskeli, yeye akawa chini. Alivaa raba nyeusi zilizofungwa vizuri. Alikaa kwenye gogo, wakazungumza kama watu wa kununua na kuuza, na habari zikapenya katikati ya bei.

"Dada amekasirika. Anasema mwanaume hapimiwi ndizi kama mtoto aliyeachishwa ziwa."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia basi tuwe wawili, naye ale tatu. Amenifukuza jikoni."

Alhamisi nyingine: "Jana tulikuwa na kikao cha mahari Nyakisasa. Kibuyu cha pombe kikaja. Nimekigusa kwa mdomo, nikakipitisha. Mzee Fideli akasema, umekuwa mlokole? Nikamwambia, baba mdogo, damu yangu ni tamu tayari."

Speciose alicheka hadi jirani wa dagaa akageuka.

Vipimo vya mwezi wa saba vilikuwa kumi na moja. Mwezi wa nane, nane. Alikuwa haamki tena usiku zaidi ya mara moja. Alikuwa amelima mwenyewe bustani ya lengalenga na kabichi bondeni, na mashavu yake yalikuwa yanarudi. Hata hivyo kila Alhamisi alinunua lengalenga kwa Speciose.

"Na bustani yako?"

"Imestawi sana."

"Sasa za kwangu unazinunulia nini?"

Alimtazama bila kutabasamu. "Za kwangu nazichuma mwenyewe. Hizi nazipokea mkononi mwako."

Kwa maneno kama hayo Speciose alikosa usingizi hadi majogoo wa kambini wakawika. Alijiuliza kwa nini alitaja miezi mitatu na si mmoja. Mara mbili alikaribia kumwambia, basi, inatosha. Kilichomzuia ni ule mguu wa baba yake.

Kisha mwezi wa tisa ulipoingia, Felisiani hakuja. Alhamisi ya kwanza alisema moyoni labda ana kazi. Alhamisi ya pili alikaa hadi soko likafungwa. Mafungu yake yalinyauka juani na aliyabeba kurudi nayo nyumbani kama yalivyo.

*

Jumapili baada ya misa alikuwa mbele ya kibanda chake anapepeta unga wa njano alipomwona anakuja. Alikuwa amevaa shati la kijani. Nyuma yake, hatua kumi hivi, alikuja Generoza, naye akasimama mbali kwenye kona ya njia, kama mtu ambaye hajaalikwa.

Felisiani hakungoja kukaribishwa. Aliketi kwenye kigoda, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa.

Speciose aliisoma. Mwezi wa sita, 19. Mwezi wa saba, 11. Mwezi wa nane, 8. Mwezi wa tisa, 14.

Aliisoma tena.

"Ningeweza kuja bila karatasi," Felisiani alisema. "Mwili umerudi, ungeniona umeamini. Au ningekuletea hadi ya mwezi wa nane tu, nikwambie ya tisa sijakwenda. Njiani nilifikiria yote hayo, nisikufiche."

"Ilikuwaje?"

"Dada aliniletea chupa kutoka kwa mganga wa Murukulazo. Alisema nikinywa siku kumi kitaondoka kabisa, nisirudi Biharamulo. Nikataka kuamini, Speciose. Nilichoka kuwa mgonjwa. Nikaacha vidonge. Siku ya tano nikajisikia nimepona, kukawa na harusi kwa rafiki yangu, nikanywa. Si kibuyu kimoja. Nikala kama zamani. Kiu ikarudi, na mimi nikaijua, na bado nikanyamaza siku nne. Nne. Siku ya tano nikapanda basi mwenyewe. Sista Leonsia amenitukana vizuri. Nimerudi kwenye vidonge na kwenye ndizi tatu." Akaweka mikono juu ya magoti. "Ndivyo nilivyoishi. Uliniambia nije nikwambie."

Speciose aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile. Kwa miaka miwili alishika mguu wa mtu aliyempenda akingoja asikie sentensi moja tu ya aina hii, na hakuisikia. Aligundua kwamba hakuwa amengoja namba. Nane isingemwambia chochote kuhusu Felisiani. Kumi na nne ilikuwa imemwambia.

"Vidonge vya leo umemeza?"

"Nimemeza."

"Dada kwa nini amesimama kule?"

"Anaogopa kukukaribia."

Speciose aliinuka, akaenda hadi kwenye kona. Generoza alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake, anaikunja na kuikunjua.

"Chupa niliileta mimi," alisema kabla hajasalimiwa, na sauti ile ya mlima wa pili haikufika hata kibanda cha jirani. "Nilifikiri namsaidia. Mtobe pia ni mimi. Nilikuwa namuua kwa mkono wangu, na nikakusingizia wewe."

"Ulimlea, dada. Ulimpa ulichokijua."

"Usinitetee. Kuna jingine. Yule Sista alimuuliza Felisiani kama ana ndugu wa damu. Alisema nasi tupime." Akatazama pembeni. "Mimi naamka usiku, Speciose. Mara tatu. Tangu mwaka jana. Nilikuwa nasema ni uzee. Naomba unisindikize. Na Felisiani sitaki kwenda naye, atanicheka."

"Hatakucheka. Lakini tutakwenda wawili. Kesho naomba kibali, Jumanne tunapanda basi. Jioni ya Jumanne kula mapema, asubuhi usitie kitu mdomoni ila maji."

"Hata chai?"

"Hata chai, wifi."

Generoza alifunika mdomo kwa kitenge. Speciose akamshika mkono, akamleta hadi kwenye mkeka, akampa ungo wa unga ili mikono yake ipate kazi. Kisha akasimama mbele ya Felisiani. Alikuwa amekaa vilevile, mgongo umenyooka, kama mtu anayengoja kuitwa jina kwenye foleni.

"Padri anakuwepo parokiani hadi saa ngapi Jumapili?" aliuliza Speciose.

Felisiani alimtazama dada yake, akamtazama yeye. "Hadi saa kumi na moja. Baadaye anakwenda vigangoni."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa tisa imepita. Speciose, kumi na nne umeiona?"

"Nimeiona. Mwezi ujao tutakwenda pamoja kuiona nyingine, na ikipanda nitagomba, na ikishuka nitapika lengalenga." Alijaribu kusema kawaida na hakuweza. "Kapeleke majina, Felisiani. Aanze upya, tangazo la kwanza. Ukitembea haraka utamkuta."

Felisiani alisimama. Hakumkumbatia, kwa kuwa dada yake alikuwepo na majirani walishatoka milangoni. Alimshika tu kidole kimoja cha mkono wa kushoto, akakibana, akakiachia. Akainama kukaza kamba za raba zake. Kisha akashika njia ya parokiani, kwa hatua ndefu za mtu mwenye nguvu zake, na alipofika kwenye bomba la maji alianza kukimbia.

"Mwache akimbie," Generoza alisema kutoka mkekani, huku akipepeta. "Sista amesema ni dawa."